Kufunga Betri

Ndege iliinua pua, ikasita hewani, kisha ikaporomoka kwa mkia hadi majini. Ilikuwa mara ya tatu juma hilo, na mahali ni palepale, matete yanapoanzia, kushoto kwa ufuo wa Dunga.

"Ni betri tena," Opondo alisema, akiweka rimoti chini. "Imeteleza ikarudi nyuma. Mkia ukishakuwa mzito, basi."

Shemeji yake, Lorine, alikuwa ameketi juu ya boti iliyopinduliwa, macho kwenye kile kioo kidogo kilichopokea picha za kamera ya ndege. Sasa kilikuwa cheusi.

Mume wake, Absalom, alikuwa fundi wa injini za boti. Jioni moja alitoka kwenda kujaribu injini ya mteja ziwani. Asubuhi boti ilipatikana ikielea, tupu. Wavuvi walitafuta mpaka wakakata tamaa, kisha gugumaji likasukumwa na upepo na kuziba njia zote za kuelekea kwenye matete. Hapo ndipo Opondo, mdogo wake Absalom, alipoombwa atafute kwa ndege yake ya kuchezea, aliyoiunda mwenyewe kwa sponji gumu na kuirusha kila Jumapili.

Juu ya maji ya wazi iliruka vizuri, na kioo kikaonyesha maji matupu. Ikigeuzwa tu kuelekea kwenye matete, inaanguka.

"Kitu kimoja kinanisumbua," Lorine alisema wavuvi walipokuwa wakiiopoa. "Simu yake aliiacha kitandani. Absalom, mtu wa kwenda na simu hadi chooni!"

"Aliogopa italowa."

"Labda."

Nyumbani, mama mkwe wake alikuwa amekwisha kusema lake. Jumamosi isipite. Kama mwili haujapatikana, watazika tunda la mti wa yago mahali pake, kama wazee walivyofanya kila ziwa lilipommeza mtu wao. Tunda lenyewe lilikuwa tayari jikoni, refu, la kijivu, limelazwa juu ya gunia. Lorine alikuwa akipika akilipa mgongo.

"Mimi sitalilia tunda, shemeji," alimwambia Opondo. "Nitafutie hata mfupa."

Opondo aliinamisha kichwa. "Mama Sheryl, tuache tu. Kuna vitu mtu akishaviona, havimwachi maisha yake yote."

Lorine alijua shemeji yake anamhurumia. Mwili uliokaa majini muda huo wote haufai kuonwa na mke. Lakini yeye alikuwa amefika mahali ambapo hata hilo angelipokea kwa mikono miwili.

Usiku huo hakulala. Asubuhi ya Ijumaa alikwenda kwa Opondo, akaichukua ndege barazani, akarudi nayo kwake na kuifungua tumbo. Betri ilikuwa imeshikiliwa na mkanda mmoja tu wa kunasa, kama ule wa viatu vya watoto, nao ulikuwa umelegea hata kidole kinapita. Alishangaa. Opondo, aliyekuwa akifuta vumbi kwenye mabawa kwa pamba!

Akaisukuma betri mbele mpaka ikagusa ukuta wa pua. Nyuma yake akapachika kipande alichokata kutoka kwenye kandambili ya Absalom, ile iliyobaki mlangoni, ili isiwe na pa kurudi. Kisha akachukua mpira wa ndani wa baiskeli, akauchana vipande vyembamba, akauzungusha, akavuta, akafunga fundo la wavu. Akaitikisa ndege kwa nguvu zake zote. Hakuna kilichosogea.

Ufuoni, Opondo alijaribu kuingiza kidole chini ya mpira ule, hakikupita.

"Umekaza sana."

"Ndiyo."

"Huu upepo si mzuri leo, Mama Sheryl. Tungoje kesho."

"Kesho ni tunda." Alimsogezea rimoti. "Yawa, jamani, Opondo. Huyu ni ndugu yako."

Wanawake waliokuwa wakianika omena waliacha kazi na kumtazama. Mzee mmoja alivua kofia. Opondo alichukua rimoti, ikamponyoka mara mbili kabla ya kuiwasha, hata Lorine akatamani kumsaidia. Akafikiri, masikini, anampenda ndugu yake kuliko nilivyojua.

Ndege ilipaa. Ilipita maji ya wazi, ikainamia kushoto, ikafika pale matete yanapoanzia. Pua ilibaki sawa. Lorine aliinama juu ya kioo.

Matete. Gugumaji. Matete. Alikuwa akitafuta rangi ya shati, umbo lolote lililolala, ndege wanaokula mizoga. Hakukuwa na kitu. Alihisi ile siku ikimalizika mikononi mwake, na kesho yake, na siku zote zitakazofuata.

"Inatosha," Opondo alisema. "Nairudisha."

"Mbele kidogo. Nakuomba."

Matete yakaisha. Ng'ambo yake kulikuwa na kile kipande cha nchi kavu kilichokatwa na mafuriko, ambacho kila mtu aliamini kimehamwa. Palikuwa na nyumba moja ya mabati. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni alikuwa akianika nguo, na karibu naye mwanamume ameinamia injini ya boti.

Yule mwanamume aliinua kichwa. Lorine akayajua yale mabega kabla ya kuuona uso.

Absalom hakukimbia kujificha. Aliweka spana chini, akatabasamu, akaipungia ndege mkono kama mtu anayempokea mgeni aliyemzoea, kisha akaielekeza mahali pa kutua, pale nyasi zilipokuwa zimefyekwa na vitambaa vyeupe kufungwa kwenye vijiti, pande zote mbili.