Tatizo Limetatuliwa

Siku hizi hedfoni hazivuliwi, hata bafuni, kwa hiyo zikiharibika unateseka nazo. Zangu zilikuwa hazinipi sauti ya binti yangu Mwanaidi. Midomo yake naiona inacheza, sisikii kitu. Mara mbili nilipigia simu huduma kwa wateja, mara mbili wakaniandikia: "Tatizo limetatuliwa." Jana nikaenda ofisini kwao mwenyewe, nimefura.

Dada wa dirishani akazipima palepale masikioni mwangu. "Ni nzima, baba."

"Nzima vipi? Mwanangu simsikii!"

"Sauti ya mtu msiyeitikiana naye siku thelathini mfululizo, hedfoni huihesabu kelele na kuizima." Akanigeuzia skrini. Kila asubuhi: *Shikamoo baba. Shikamoo baba.* Upande wangu palikuwa patupu.

"Nirudishie sauti yake."

"Hairudishwi hapa, baba. Nenda ukaitikie."

Nilikimbia hadi nyumbani. Mwanaidi alikuwa sebuleni anachora, kanipa mgongo.

"Marahaba, mwanangu!"

Hakugeuka. Nikapaza sauti, "Marahaba!" mpaka mama yake akatoka jikoni kashika mwiko. Mtoto aliendelea kuchora, hedfoni zake ndogo za pinki zikiwa masikioni.