Hodi ya Mbaruku

Mbaruku alikusudia kupita tu. Tangu azikwe, kisha akafufuka akiwa mnyonya damu, kila baada ya magharibi alipita nje ya nyumba ya mama yake, amsikie akikohoa jikoni, halafu aende zake kwa watu asiowajua. Bila kukaribishwa hakuweza kuvuka kizingiti cha mtu, na kwa hilo alishukuru.

Jioni hiyo, alipofika mlangoni, neno likamponyoka.

"Hodi!"

"Karibu!" mama akaitikia papo hapo, kama alivyomwitikia kila mtu maisha yake yote. Kisha mwiko ukaanguka. "Mbaruku?"

"Mama, kwa nini usiulize kwanza ni nani?"

"Tangu lini nikauliza? Na wewe, hodi ya nini?"

"Si ulinifunza mwenyewe."

Mlango ulikuwa wazi, na njaa ikampanda hadi kwenye meno. Akainama kuvua ndala alizoiba msikitini, maana alizikwa bila viatu. Moja ikatoka. Ya pili akaing'ang'ania mguuni kwa mikono miwili, asije akaingia.

Mama akatokeza na taa, akamtazama mwanawe kwa muda mrefu.

"Umekula?" akauliza.