Vya Kufulia

Draya ya nywele ya mke wake ilikata roho saa tatu asubuhi. Ilikohoa, ikatoa moshi puani, ikanyamaza, na chuma kilichokuwa motoni bado hakijaiva.

"Na hiyo nayo umeiua," mkewe alisema akiwa mlangoni.

Tangu lifungwe ghala alimokuwa akipanga magunia, mwanamume huyu alikuwa amejitia kwenye uhunzi wa kufua chuma. Vyombo vyake vilikuwa vya kuungaunga. Jiko lilikuwa rimu ya gari iliyokandikwa udongo. Fuawe ya kupondea chuma ilikuwa kipande cha reli kutoka kwa muuza vyuma chakavu, na koleo ni plaizi aliyoichomeka vipande vya bomba la baiskeli isimchome vidole. Nyundo ilikuwa ya misumari. Upepo ndio huo wa draya, na kwa ajili yake jirani, fundi baiskeli, alimbatiza jina la Saluni.

"Saluni! Leo unamsuka nani?" alipaza sauti ng'ambo ya ukuta.

Leo utani haukushuka kooni, maana mama mkwe alikuwa njiani. Alisema kwenye simu, kwa sauti iliyosikika hadi chumba cha pili: "Kama mumeo hana kazi ya mikono yake, nikifika nikute umefungasha."

"Hebu niambie tena, ulimjibu nini?" alimuuliza mkewe kwa mara ya nne.

"Nilimwambia unafua."

"Unaona sasa! Mama wa watu atadhani nafua nguo!"

"Ataelewa," mkewe alisema, akakimbilia ndani, mabega yakimtikisika.

Mama mkwe alikuwa amemwona mara moja tu, siku ya harusi, mwaka uliopita. Alimshika mkono kwa kiganja kigumu kama soli ya kiatu. Makovu madogo madogo yalimjaa hadi kwenye viwiko. Pasi ya mkaa hiyo, mkwe alijisemea, na miaka ya magadi. Maana mkewe alishamwambia tangu uchumba: "Mama alitusomesha wote wanne kwa kufua tu." Siku ile alimwonea huruma.

Ndiyo maana kazi yake ya kwanza aliichagua kwa makusudi: kulabu mbili za kufungia kamba ya nguo. Amkabidhi mkononi, aone kwamba mkwe wake si mvivu wala hadharau jasho la mtu. Juzi alipomweleza mkewe kulabu zile ni za nini, mkewe alicheka hadi akakaa chini. Wanawake bwana, hawajui jambo zito.

Sasa alichukua mfuniko wa sufuria akapepea mpaka jasho likamwingia machoni. Kulabu ya kwanza ilikatika. Ya pili ilipinda kama ukucha wa jogoo, ikakubali. Hakupata muda wa ya tatu. Mkokoteni ulisimama mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Mama mkwe alitazama rimu, akatazama reli, akaitazama plaizi, akamalizia kwa draya iliyolala kifudifudi. Nyuma yake msukuma mkokoteni alikuwa akihangaika na furushi la shuka lenye mafundo mawili.

"Bibi, nguo gani hizi? Kwani hukuzikamua?"

"Wewe shusha. Ni vya kufulia hivyo."

Moyo wa mkwe ukadidimia. Kumbe kweli! Kaletewa nguo chafu, tena mbele ya yule jirani aliyekwishapanda juu ya tofali kuchungulia. Akajikaza, akaitoa kulabu kwa mikono miwili.

"Ni ya kamba ya nguo, mama. Usihangaike kuanika."

Mama mkwe aliigeuza kwenye mwanga, akapitisha ukucha kwenye ufa.

"Uliipiga imeshapoa."

"Upepo uliniishia, mama."

"Na reli umeiweka juu mno. Mabega yatakuua." Akamgeukia bintiye aliyesimama mlangoni. "Na wewe, rudisha nguo zako kabatini. Mtu anayepepea kwa mfuniko si mvivu, ni mjinga tu. Ujinga unatibika."

Akapiga magoti, akafungua mafundo. Ikatoka fuawe iliyong'aa usoni, zikatoka koleo tatu, mvukuto wa ngozi wa kupulizia moto, na nyundo yenye mpini uliochimbika.

"Ni vya marehemu baba?" mkwe aliuliza kwa adabu.

"Marehemu alikuwa karani. Cheche moja tu, yuko chini ya kitanda."

Mama mkwe aliinyanyua nyundo. Vidole vyake vikaingia kwenye mashimo ya mpini, kimoja kimoja, kila kimoja mahali pake. Ndani ya nyumba binti alikuwa ameshindwa kuzuia kicheko. Mama mkwe akaitazama tena ile kulabu, kisha akamtazama yeye.

"Kamba ya nguo? Kwani mwanangu, wewe ulidhani nilikuwa nafua nini?"