Kurasa Thelathini na Nne

Katibu ndiye aliyeiandika hotuba ambayo mbunge alikuwa akiwasomea wakunga ukumbini, kwa hiyo alijua ukurasa wa tatu unasemaje: mheshimiwa aliipinga hadi mwisho sheria mpya inayowafungia kazi wakunga wa mitaani.

Mheshimiwa alifika hapo, akaacha kusoma. Kidole chake kiliukandamiza mstari ule kama cha mtu anayezuia damu.

Katibu alimwashiria aendelee. Bungeni ilipigwa kura ya sauti, watu mia mbili wakaitikia kwa pamoja, na hata jina moja halikuandikwa. Nani angejua?

"Mama zangu," mheshimiwa alisema, "hapa pameandikwa nilikataa. Nilisema ndiyo. Sheria ina kurasa arobaini, nikasoma sita, nikafuata mkumbo."

Miaka saba katibu alikuwa akimtungia maneno matamu. Haya hakuyatunga yeye, na ndiyo pekee aliyotamani yangekuwa yake.

Safu ya mbele, bibi mkunga aliyezalisha nusu ya mtaa, mheshimiwa akiwemo, aliondoa mkoba wake kwenye kiti cha pembeni.

"Njoo ukae, mwanangu," alisema. "Hizo thelathini na nne ulizobakiza, tusomee."