Rafu ya Kilimo

Asubuhi Tausi alipotangazwa mkuu mpya wa maktaba, Zamda, mwenzake aliyemfundisha kazi kwa miaka mitatu, alitabasamu mpaka mashavu yakamuuma. Kisha akachukua kitabu cha sheria alichokiagiza hakimu, akakichomeka katikati ya vitabu vya kilimo. Maktabani, kitabu kikiwekwa pasipo pake kimepotea.

Mchana Tausi alimjia. "Dada Zamda, hakimu amefika na kitabu chake sikioni."

"Labda kimeazimwa," Zamda alisema, akiendelea kugonga mihuri.

"Wewe mwenyewe ulinifundisha nisiamini daftari, niamini vidole."

Tausi akaanzia rafu ya kwanza, akigusa mgongo wa kila kitabu, haruki hata kimoja. Zamda aliinua muhuri, akasahau kuushusha. Vidole vile vilikuwa vimeshafika kwenye vitabu vya mahindi.