Riwaya ya Mke Mlangoni

Riziki alikaa mkekani, kichwa kimebanwa magotini mwa msusi, nusu ya nywele imeshasukwa. Mama mkwe wake alikuwa kando akisubiri zamu yake. Hakuna aliyejua kwamba riwaya waliyoibishania aliiandika Riziki, kwa jina la uongo.

"Kurasa mia mbili mke kasimama mlangoni tu!" alicheka Bi Mgeni, jirani aliyeshika kitabu. "Hatoki, harudi ndani. Hadithi gani hii?"

"Mimi nililia," alisema msusi.

"Angekuwa mke wa mwanangu," alisema mama mkwe, "ningemrudisha kwao leo leo, na watoto wabaki."

Riziki alitaka kuinuka. Msusi akamkandamiza. "Tulia, mwanangu. Bi Mgeni, hebu soma."

Bi Mgeni akasoma: "Nyuma ya sikio alikuwa na kovu dogo, mfano wa punje ya mpunga. Mumewe aliwaambia watu kuwa alizaliwa nalo."

Kidole cha msusi kilikuwa nyuma ya sikio la Riziki. Kikasimama.

"Mbona umeacha kusuka?" aliuliza mama mkwe.

"Kitana kimeniponyoka, dada."

Taratibu, msusi akalifunika kovu kwa nywele. Bi Mgeni akalowesha kidole mdomoni, akafunua ukurasa uliofuata.