Benchi la Mama Mshonaji

Afisa mipango alipoitandaza ramani ya barabara kuu mbele ya wakazi, mama mshonaji alimtambua. Ndiye aliyekaa wiki nzima kwenye benchi la duka lake akihesabu magari na wapita njia, naye mama kila asubuhi akimkaripia, "Mtu mzima ovyo, huna kazi?"

Mama alivaa miwani, akaufuata kwa kidole mstari mwekundu wa kubomoa. Ulifika dukani kwake, ukapinda.

"Tumeupindisha, mama. Mtaa mzima unasubiri gari kwenye benchi lako. Kituo kitajengwa hapo hapo."

Mama aliivua futi ya kupimia shingoni, akamzungushia afisa kiunoni.

"Simama wima," akasema. "Suruali hii inakupwaya, mwanangu."